Jiko la kuni lenye oveni: moto mdogo mkali na njia safi ya moshi

Ukilitazama jiko la chuma lenye oveni kwa mara ya kwanza, jicho linakimbilia mlango wa oveni. Lakini kinachoendesha jiko hili ni njia ya moshi. Moto unawaka upande mmoja, mara nyingi kushoto, ndani ya chumba kidogo. Moshi wake hauendi moja kwa moja kwenye dohani. Hupita kwanza juu ya oveni, hushuka ubavu wa pili, hupenya chini yake, kisha hupanda dohani kwa nyuma. Oveni inazungukwa na joto pande zote bila mwali hata mmoja kuingia ndani. Mpishi wa Pwani analijua jambo hili kwa njia nyingine: mkate wa kumimina hauivi vizuri mpaka upaliwe makaa juu ya mfuniko huku moto ukiwa chini. Jiko hili linafanya kazi ile ile, ila kwa moshi.

Ninaanza na njia hiyo kwa sababu matatizo karibu yote hutokana na kuisahau: oveni isiyopata joto, kuni zinazoisha upesi, jikoni kujaa moshi, hata dohani kushika moto. Watu hujaza kuni mpaka juu, kisha hubana hewa ili zisiishe. Hasara inaanzia hapo. Moto mdogo unaowaka kwa nguvu huoka vizuri kuliko moto mkubwa uliobanwa, na hula kuni chache zaidi.

Majiko haya bado yapo nyanda za juu, Limuru, Njoro na Eldoret, Lushoto, Njombe na Mbeya, kwenye nyumba za mashamba ya zamani, misheni na shule za bweni. Kenya wengi huyaita majiko ya Dover, hata yale yaliyoundwa na fundi wa mjini. Kuna ya chuma cha kusubu, mazito, yanayochelewa kupata moto na kuchelewa kupoa. Kuna na ya bati nene la kuchomelea, yenye matofali ya kustahimili moto ndani ya chumba cha moto. Hayo ya bati hushika joto haraka na kulipoteza haraka. Kanuni za kuyaendesha ni zile zile.

Vitu vinne vya kushika mkononi

Jiko lina sehemu nne zinazoongoza moto, na kila jiko huzificha mahali pake. Ya kwanza ni kilango cha hewa cha chini, kwenye droo ya majivu. Hewa yake hupita katikati ya wavu wa chuma na kupuliza makaa. Ya pili ni tundu la hewa la juu, kwenye mlango wa moto. Hewa ya hapa hukutana na gesi zinazotoka kwenye kuni na kuziunguza. Majiko ya bei rahisi hayana tundu hili, na ni kasoro kubwa. Ya tatu ni kigeuza moshi, bamba dogo lenye mkono, karibu na shingo ya dohani. Ukikifungua, moshi unakata njia na kupanda dohani moja kwa moja. Ukikifunga, moshi unalazimika kuizunguka oveni. Ya nne ni bamba la dohani, linalopunguza mvuto wa bomba zima.

Kama huna hakika kigeuza kiko upande gani, koka moto mdogo na usukume mkono wake huku na huku. Ukiwa upande wa kuwashia, moto utanguruma. Ukiwa upande wa kuokea, ngurumo inashuka na ubavu wa oveni ulio mbali na moto unaanza kupata joto. Weka alama kwa chaki ya rangi. Wageni wengi jikoni hukosea hapo hapo.

Kuni

Mti uliokatwa leo una maji karibu nusu ya uzito wake. Kuni zinazofaa jiko hili ziwe na maji yasiyozidi asilimia 20. Twende na hesabu. Katika kilo moja ya kuni mbichi, nusu kilo ni maji, na kuyageuza kuwa mvuke kunakula takriban megajuli 1.3. Nusu kilo ya mti mkavu iliyobaki inatoa takriban megajuli 9. Kwa hesabu hiyo peke yake hasara si ya kutisha. Balaa ni kwamba ule mvuke unapoza chumba cha moto. Sehemu kubwa ya joto la kuni haimo kwenye kaa, imo kwenye gesi zinazotoka ukuni unapopata moto, na gesi hizo zinataka joto la karibu nyuzi 600 ndipo ziungue zote. Chumba kikipoa, zinatoka zikiwa moshi. Sehemu ya kuni zako inapaa juu ya paa, na nyingine inaganda ndani ya dohani ikiwa lami nyeusi.

Pasua kuni zikiwa mbichi. Mkaratusi hasa, ukikaukia kwenye gogo unakuwa mgumu kama chuma, na nyuzi zake zilizojipinda hukamata shoka. Kwenye baridi ya nyanda za juu, mkaratusi na muwati uliopasuliwa unahitaji miezi 6 hadi mwaka mzima. Mgrevilea ni mwepesi zaidi na hauchukui muda mrefu hivyo. Panga kuni juu ya mawe au miti miwili ya kulaza ili zisiguse udongo, funika juu tu, na acha pande wazi upepo upite. Kuzifunika gubigubi kwa turubai ni kuzivundika.

Kujua kama zimekauka, gonga kuni mbili: kavu hulia kwa sauti kali, mbichi hutoa mlio mzito. Ncha za kavu zina nyufa, na ganda lake linabanduka. Kipimo cha uhakika zaidi ni mizani ya jikoni. Chukua kuni tatu, ziandike namba, zipime kila Jumapili. Uzito ukiacha kushuka kwa wiki tatu mfululizo bila mvua, zimefika mahali hewa ya kwenu inaporuhusu.

Muwati ndio ninaoupenda kuliko yote: hupasuka vizuri, huwaka kwa joto kali, na kaa lake hukaa. Njombe uliletwa mashambani kwa ajili ya maganda yake ya kutengenezea dawa ya kusindika ngozi za wanyama, na kuni ni faida ya pili. Mkaratusi mkavu hukaa muda mrefu, unafaa maharage. Mgrevilea hushika moto haraka, kwa hiyo ni mzuri wa kusukuma oveni inapoanza kulegea. Mashina ya michai iliyong'olewa ni mazito na yana kaa zuri mno, ila yasafishwe udongo. Wengi huogopa msonobari na msaiprasi kwa sababu ya utomvu. Mti wa aina hiyo ukiwa mkavu hauna neno, tena vibanzi vyake ni vya kuwashia vizuri kuliko vyote. Lami ndani ya dohani huletwa na ubichi na moto uliobanwa, si jina la mti.

Visivyoingia kabisa ni mbao zilizopakwa rangi, plaiwudi, plastiki, na vipande vya nguzo au mbao zilizotiwa dawa ya kuzuia mchwa, zile zenye rangi ya kijani kibichi kilichofifia. Dawa hiyo mara nyingi ina shaba, kromiamu na aseniki. Aseniki nyingine hutoka na moshi, na nyingine hubaki kwenye majivu ambayo mtu anakwenda kuyamwaga kwenye mboga. Magogo yaliyookotwa ufukweni nayo yaachwe, chumvi yake hula bati.

Ukubwa: kwa oveni, unene wa kifundo cha mkono, sentimita 5 hadi 7, na urefu unaopungua kama sentimita 5 kuliko chumba cha moto. Ukuni unaozuia mlango usifunge si wa jiko hili. Jiko la mafiga matatu linakubali gogo linalosukumwa kidogo kidogo. Hili halikubali, kwa sababu mlango ukiwa wazi hewa baridi inaingia kwa wingi, inapoza moshi, na oveni inanyimwa joto.

Kukoka moto

Kabla ya kiberiti, mwaga droo ya majivu. Majivu yakijaa mpaka kugusa wavu kwa chini, hewa ya kuupoza wavu inakosekana, na chuma kinajipinda au kuungua. Wavu mpya ni ghali kuliko dakika moja ya kumwaga majivu.

Fungua kila kitu: hewa ya chini, hewa ya juu, kigeuza upande wa kuwashia, bamba la dohani wazi kabisa. Laza kuni mbili nyembamba sambamba, ziachane kiasi cha upana wa kiganja. Katikati weka karatasi iliyofinyangwa au magunzi makavu ya mahindi, na juu yake vibanzi 10 hadi 15 vya unene wa kidole, vikipishana kama kimia ili hewa ipite. Asubuhi ya baridi, bomba likiwa limejaa hewa nzito, choma kwanza ukurasa mmoja wa gazeti karibu na tundu la dohani. Ukisikia mvumo wa kuvuta, washa. Usitumie mafuta ya taa, na petroli hata tone. Mvuke wake hujaa kwenye chumba cha moto na kulipuka usoni mwa aliyeinama.

Acha mlango wa moto ufa wa kidole kwa dakika mbili au tatu, kisha ufunge. Baada ya dakika 10 ongeza kuni mbili au tatu. Baada ya dakika 15 hadi 20, nyunyiza matone ya maji juu ya bamba la jiko, upande wa moto. Yakirukaruka na kupotea mara moja, funga kigeuza ili moshi uanze kuizunguka oveni. Moshi ukirudi jikoni, umewahi. Kifungue, subiri dakika tano, ujaribu tena. Moto ukishakolea, punguza hewa ya chini mpaka robo, na acha ya juu wazi. Bamba la dohani lirudishwe hadi nusu, polepole, na lisifungwe kabisa maadamu kuna kaa jekundu.

Kisha toka nje utazame dohani. Baada ya nusu saa isionekane ila mitetemo ya joto, au moshi mwepesi mweupe unaopotea haraka. Moshi wa kijivu mzito ni kuni zako zinazopaa bila kuungua. Ndani ya jiko miali iwe ya njano na hai. Miali ya rangi ya chungwa iliyofifia, inayojikunja na kutoa masizi, inaomba hewa.

Kuoka

Oveni ya chuma cha kusubu inataka dakika 45 hadi saa nzima kabla ya kuwekwa kitu. Ya bati, nusu saa. Nunua kipimajoto cha oveni cha kuning'iniza ndani, kwa sababu kile kilicho kwenye mlango husoma joto la mlango, na joto la katikati linaweza kuwa limezidi kwa nyuzi nyingi. Kama huna, tumia unga wa ngano: tandaza kijiko kimoja kwenye trei, ukae ndani dakika tano. Ukigeuka rangi hafifu ya mchanga, joto ni la chini. Rangi ya dhahabu ni kama nyuzi 175 hadi 190, ya keki. Ukiwa kahawia iliyokolea, ni kama nyuzi 200 hadi 230, joto la mkate na skonzi. Ukifika kahawia hiyo ndani ya dakika tatu tu, oveni imezidi.

Joto la oveni hufuata moto kwa kuchelewa, dakika 10 hadi 15. Hili ndilo jambo gumu kwa aliyezoea gesi. Ukiona kipimajoto kinashuka ndipo uongeze kuni, umechelewa, na zile ulizoongeza zitakuja kuiunguza keki baadaye. Lisha moto kwa saa: kuni mbili au tatu kila baada ya dakika 15, za unene ule ule, zisiwe nne leo na moja kesho. Ufungue mlango wa moto kwa adabu. Kwanza fungua bamba la dohani, kisha ufa mdogo kwa sekunde chache, ndipo uufungue wote. Mlango ukifunguliwa kwa pupa huvuta moshi na miali kuelekea kwako.

Oveni ikizidi, usibane hewa. Kubana hewa kunajaza masizi na joto halishuki upesi. Geuza kigeuza upande wa kuwashia kwa dakika chache ili joto lipite dohani moja kwa moja, au uache mlango wa oveni ufa mdogo kwa kuubania kijiko cha mti.

Ubavu wa oveni ulio karibu na moto utakuwa mkali siku zote, katika kila jiko la aina hii. Geuza trei katikati ya muda, na uache nafasi ya sentimita 3 kati ya trei na kuta ili hewa izunguke. Keki kubwa iwekewe kinga, trei tupu iliyosimamishwa kwenye ubavu huo. Mkate ukiiva juu na kubaki mbichi chini, njia iliyo chini ya oveni imeziba majivu. Ukiungua chini na kupauka juu, kuna tandiko la majivu juu ya paa la oveni, na majivu ni blanketi zuri sana la kuzuia joto. Dawa ya yote mawili ni kikwangua, wala si kuni zaidi.

Panga maandalizi yafuate moto unavyoshuka. Joto likiwa juu kabisa, skonzi kwa nyuzi 220, dakika 12 hadi 15. Kisha mkate kwa nyuzi 200 hadi 210. Keki inafuata kwa nyuzi 175. Ukiacha kulisha moto, viazi vitamu na ngozi yake vitaiva polepole, na mwisho, oveni ikiwa vuguvugu, tandaza maganda ya machungwa yakauke. Ni ya kuwashia moto wa kesho. Usikaushie kuni ndani ya oveni. Watu hufanya hivyo, husahau, na usiku zinawaka.

Neno moja kuhusu mwinuko. Limuru iko takriban mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka kwenye nyuzi 93 hivi. Hamira huumuka haraka kwa sababu hewa inakandamiza kidogo, kwa hiyo unga usiachwe ufure mpaka uporomoke. Maharage nayo huchelewa kuiva. Hewa nyepesi inapunguza pia mvuto wa dohani, ndiyo maana bomba lililotosha Tanga linaweza kulalamika Lushoto juu.

Juu ya jiko pana joto la kila daraja. Juu kabisa ya moto, pa kukaangia. Katikati, pa wali na mchuzi. Pembe ya mbali, pa githeri iliyolowekwa usiku, inayotokota kimya muda wote oveni ikifanya kazi. Moto uliokokwa kwa ajili ya mkate tu ni anasa. Weka sufuria ya maharage na birika la maji ya kuoga kabla hujaanza kukanda.

Majiko mengine yana tangi la maji ubavuni. Lisiwashiwe moto likiwa tupu, litapasuka viungo. Tangi lililounganishwa na mabomba ya nyumba lazima liwe na bomba la pumzi lililo wazi juu, lisiloweza kufungwa na koki yoyote. Maji yanayochemka ndani ya chombo kilichozibwa ni bomu, na fundi anayesema bomba hilo la pumzi ni gharama ya bure asiguse jiko lako.

Masizi na dohani

Jiko linalotumika kila siku likwanguliwe mara moja kwa wiki, likiwa baridi kabisa. Ondoa vifuniko vya juu, kwangua majivu yaliyolala juu ya paa la oveni, yasukumie upande wa moto. Kisha shuka ubavuni. Mwisho fungua kidirisha kidogo kilicho chini ya oveni na uvute kila kitu nje kwa kikwangua chenye mpini mrefu. Kazi nzima ni dakika 20, na oveni itakurudishia nyuzi ulizodhani zimepotea. Vaa barakoa.

Dohani ikaguliwe kila miezi mitatu, na kila mwezi kama bado huna hakika na kuni zako. Masizi ya unga yenye unene wa milimita 3 yanataka brashi. Yakifika milimita 6, usiwashe tena mpaka uyaondoe. Tumia brashi ya waya yenye upana wa bomba, kwa kawaida inchi 6, ukitokea juu kwenda chini. Ukikuta lami inayong'aa kama kioo cheusi, brashi haitaiondoa. Bomba libadilishwe, au aje mtu mwenye vifaa. Lami hiyo huganda pale moshi unapopoa chini ya nyuzi 120 hivi ukiwa bado ndani ya bomba. Ndiyo sababu dohani inayopita nje ya ukuta kwenye baridi huchafuka upesi kuliko inayopanda ndani ya nyumba.

Bomba liwe na urefu usiopungua mita 4.5 kutoka jikoni hadi ncha, na kona zisizidi mbili, tena za nyuzi 45 kuliko za mraba. Ncha ipite mahali inapotokea kwenye paa kwa sentimita 90, na izidi kwa sentimita 60 kitu chochote kilicho ndani ya mita 3, hata kilele cha paa. Ikiwa chini ya hapo, upepo ukigonga paa unaurudisha moshi ndani. Paa la makuti au nyasi lisipitishwe bomba la jiko hili. Cheche moja inatosha.

Jiko lenyewe likae sentimita 90 kutoka ukuta wa mbao, na bomba la bati la tabaka moja sentimita 45 kutoka mbao yoyote. Sakafu ya mbao iwekewe matofali au bamba la chuma lililo juu ya kitu kisichopitisha joto, litokeze sentimita 45 mbele ya mlango wa moto, ambapo makaa hudondoka.

Dohani ikishika moto utaisikia: mngurumo kama wa lori, bomba jekundu, cheche juu ya paa. Funga hewa ya chini, hewa ya juu na mlango. Toa watu nje, piga simu ya zimamoto, 114 Tanzania, 999 au 112 Kenya. Usimwage maji kwenye jiko wala kwenye bomba. Chuma cha kusubu kilicho moto kikimwagiwa maji baridi hupasuka, na mvuke unaunguza ngozi. Hata moto ukizima wenyewe, jiko lisitumike mpaka bomba zima likaguliwe, maana joto humo linaweza kupita nyuzi 1,000.

Gesi ya kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi. Hutoka kwa wingi pale kaa linapofifia na mtu akafunga bamba la dohani ili joto lisitoroke usiku. Kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu kwa watu wawili au zaidi chumba kimoja si malaria. Tokeni nje kwanza. Acha bamba wazi walau robo mpaka majivu yawe baridi, na dirisha lisizibwe. Kifaa cha kutambua gesi hiyo kinauzwa mijini, nami ningekinunua kabla ya trei ya keki.

Mtoto akiungua, eneo hilo liwekwe chini ya maji yanayotiririka, ya ubaridi wa kawaida, dakika 20. Dawa ya meno, siagi na unga visipakwe.

Majivu yatolewe kwenye ndoo ya chuma yenye mfuniko, ikae nje, mbali na ukuta na rundo la kuni. Kaa lililofunikwa na majivu linaweza kuwa hai siku tatu. Yakishapoa yanafaa sukuma wiki, vitunguu na migomba, kwa kiasi, maana yana kalisi na potasiamu nyingi. Usiyamwage kwenye michai, inayopenda udongo wenye asidi, wala kwenye viazi mviringo, vinavyopata ukurutu udongo ukipungua asidi.

Ukinunua la mitumba

Chukua tochi, ingia nayo gizani, iweke ndani ya chumba cha moto na ufunge mlango. Mwanga ukichungulia kwenye viungo, hewa itapita hapo hapo. Viungo huzibwa kwa simenti ya kustahimili moto, hilo si tatizo. Ufa kwenye bamba linalotenganisha chumba cha moto na oveni ni tatizo, kwa sababu moshi utaingia kwenye mkate. Banisha kipande cha karatasi kwenye mlango wa moto ukaufunga. Kikivutika bila kukwama, kamba ya kuzibia imekufa, ibadilishwe. Angalia wavu, kigeuza moshi na mkono wake. Kigeuza kilichokwama kwa kutu hulainishwa kwa mafuta na subira ya siku mbili. Kikiwa kimevunjika, muulize fundi bei yake kabla hujalipa jiko.

Simenti mpya ikikandikwa, ikae saa 24. Siku ya kwanza washa vibanzi tu kwa nusu saa, uache jiko lipoe kabisa. Siku ya pili, moto mdogo wa saa moja. Siku ya tatu ongeza kidogo, madirisha yakiwa wazi, kwa kuwa rangi mpya ya jiko itatoa moshi wenye harufu. Mkate wa kwanza uwe siku ya nne.